Punyeto Haimalizi Nguvu za Kiume, Lakini Dawa ya Poster ya Stima Inaweza Kukumaliza

Hii story umeisikia tangu shule ya msingi: ukipiga punyeto utapofuka, mgongo utalegea, mbegu zitaisha na ukioa hutapata mtoto. Wengine tuliambiwa nywele zitamea kwa kiganja. Ulicheka na mabeshte, lakini usiku ukauangalia mkono.

Basi wacha tuongee ukweli. Punyeto haipofushi mtu wala haileti wazimu. Mbegu nazo haziishi. Mwili wa mwanaume huzitengeneza kila siku, na kila kundi huchukua miezi miwili na kitu kukomaa. Zikitoka leo, zingine tayari ziko njiani. Hata usipozitoa, mwili hujipanga wenyewe, ndiyo maana kuna asubuhi unaamka shuka imelowa.

Hofu hii ni ya kitambo. Mwaka wa 1760 daktari wa Uswisi, Samuel-Auguste Tissot, alichapisha kitabu akidai kumwaga mbegu hivyo kunaharibu macho, akili na mwili mzima. Watu Ulaya wakaamini. Sayansi ilishasonga, story ikabaki mtaani.

Kuna faida? Zipo. Wengi hutulia na kupata usingizi, na ukiwa peke yako hakuna mimba, hakuna kisonono, hakuna virusi vya ukimwi. Madem pia hufanya, na kwao pia si ugonjwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2016 ulifuatilia wanaume karibu 32,000 kwa miaka 18. Waliomwaga mara 21 au zaidi kwa mwezi, iwe kwa ngono, punyeto au ndotoni, walipatikana na saratani ya tezi dume kwa kiwango cha chini kidogo kuliko wa mara 4 hadi 7. Hiyo si dawa, na usiifanye homework.

Lakini si ati haina shida kabisa. Ukikaza mkono sana, ngozi inachubuka, na ukizoea hivyo unaweza kuona kuwa na mtu hakukusisimui tena. Ukipunguza presha ya mkono na kuachilia kwa muda, kawaida hali hurudi. Na kama unakosa kazi, unalala saa kumi usiku ukiwa kwa simu, umejaribu kuacha ukashindwa, ongea na daktari au mshauri. Kama dini yako inakataza, hiyo ni kati yako na Mungu wako. Usichanganye tu dhambi na ugonjwa.

Sasa noma yenyewe. Msee akishaamini punyeto imemharibu, siku mashine ikikataa kusimama anajilaumu kimyakimya. Haendi hospitali, anaona aibu. Anapigia namba ya poster iliyobandikwa kwa nguzo ya stima, anatuma doo, anatumiwa unga usio na jina. Dawa kama hizo, zinazoitwa za miti shamba, zimepatikana mara nyingi zikiwa zimechanganywa na sildenafil, ile iliyo ndani ya Viagra, bila mnunuzi kuambiwa. Kama unatumia dawa za moyo aina ya naitreti, presha yako inaweza kushuka ghafla, na hapo ni kifo.

Mbaya zaidi, shida ya kusimamisha inaweza kuwa dalili ya kwanza ya sukari, presha ya juu au mishipa ya moyo kuziba. Ukijificha nyuma ya aibu ya punyeto, ugonjwa wenyewe unaendelea kukula polepole.

Kwa hivyo bro, kama shida imekaa wiki kadhaa, ingia kliniki iliyo karibu, waombe wakupime presha na sukari. Daktari ameyasikia haya mara nyingi kuliko unavyodhani. Hatakuangalia kiganja.