"Haina Kitu": Ya Kweli na ya Uwongo Kuhusu Bunduki Mezani kwa Muuzaji

Koyama ni kisiwa cha wavuvi wa Kibajuni kwenye pwani ya Somalia. Bunduki hazikufika huku kwa kununuliwa na Wabajuni. Zilikuja mikononi mwa wanamgambo baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, watu wakaporwa mali na wengi wakakimbilia Lamu na Mombasa. Tangu hapo mtu wa visiwa hivi huishi karibu na silaha asizozimiliki: ya mlinzi wa gati, ya askari wa kizuizi cha barabarani, na zile zinazonunuliwa na kuuzwa bara. Hizi za mwisho ndizo zinazonishughulisha. Mezani kwa muuzaji bunduki hupita mikono mingi kwa saa moja, na kila mkono huamini kwamba uliotangulia umekwisha kukagua. Maneno yafuatayo husemwa hapo kwa uhakika mkubwa.

"Magazini imetoka, kwa hiyo haina kitu."

Si kweli, na kwangu mimi huu ndio uwongo wa hatari kuliko wote. Magazini hulisha bunduki tu. Risasi iliyokwisha kuingia chemba hubaki palepale hata magazini ikiwekwa kando, na hiyo moja inatosha.

Tazama AK, bunduki ambayo kila mtu wa pwani ya Kismayo anaijua kwa umbo. Muuzaji anayejua kazi huielekeza kwanza kwenye mchanga, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Huchomoa magazini. Kisha huvuta mkono wa kukoki hadi mwisho na kutazama risasi iliyobaki ikiruka nje. Huvuta tena, hutazama ndani ya chemba, halafu huingiza kidole cha mwisho kupapasa, kwa kuwa dukani mwanga ni hafifu na jicho hudanganyika.

Sasa geuza hatua mbili tu. Anakoki kwanza, risasi inaruka, anaridhika, ndipo anachomoa magazini. Alipoachia mkono wa kukoki, magazini ilikuwa bado ndani, nayo ikasukuma risasi nyingine chemba. Mnunuzi anataka kusikia kifyatulio kinavyolia. Anakibonyeza. Wote wawili wataapa kwamba bunduki ilikaguliwa, na kweli ilikaguliwa, ila kwa mpangilio uliopinduka.

Zaidi ya hayo, AK ya kawaida haibaki wazi risasi zikiisha. Yenye risasi na isiyo nayo zinafanana kabisa kwa nje, hivyo anayekwambia ameitazama akiwa upande wa pili wa meza hajaona chochote.

"Sefti iko juu, usiogope."

Kweli kwa sehemu. Kwenye AK, wenzo wa upande wa kulia ukiwa juu kabisa hufunga kifyatulio. Katikati ni mfululizo, chini kabisa ni moja moja. Lakini wenzo huohuo ukiwa juu huzuia mkono wa kukoki usifike mwisho, kwa hiyo huwezi kuitoa risasi chemba bila kwanza kuishusha sefti. Wakati wa kukagua ndio wakati sefti haipo! Bastola ya Tokarev TT-33, yaani ile ya asili ya Kisovieti, haina hata wenzo huo. Na Glock, ambayo sefti zake ziko ndani, haifunguliwi kusafishwa mpaka kifyatulio kibonyezwe. Aliyesahau kuangalia chemba hujua hapo hapo. Kinachobaki ni mahali mtutu ulikoelekea.

"Ilijifyatukia yenyewe."

Mara nyingi si kweli. Kulikuwa na kidole. Lakini sitaki kumwonea kila asemaye hivyo. Bunduki nyingi za SKS zina pini ya kufyatulia inayoelea bila springi. Kutu au grisi iliyoganda ikiikwamisha kwa mbele, risasi inaweza kulipuka pale chemba inapofungwa, hakuna aliyegusa kifyatulio. Penye hewa ya chumvi kama yetu, kutu haihitaji muda mrefu. Hata hivyo aliyeiacha ile kutu ni mtu, na aliyeelekeza mtutu kwa mwenzake wakati wa kukoki ni mtu vilevile.

"Kuijaribu angani hakumdhuru mtu."

Si kweli. Katika soko la Bakaaraha, Mogadishu, palikuwa na sehemu ya wauza silaha iliyoitwa Cir Toogte, ambako mnunuzi aliijaribu bunduki kwa kuifyatua juu, katikati ya mji wenye mapaa ya mabati. Umoja wa Mataifa uliiwekea Somalia vikwazo vya silaha Januari 1992, navyo viliondolewa Desemba 2023. Hata chini ya vikwazo hivyo biashara ya namna hii iliendelea pasipo leseni wala mkaguzi. Risasi iliyopanda hushuka. Huko Los Angeles, hospitali moja ilipokea watu 118 waliopigwa na risasi zilizoanguka kati ya 1985 na 1992, na 38 kati yao walikufa. Paa la makuti halizuii kitu hicho.

"Ni kudra ya Mungu, hakuna wa kulaumiwa."

Si kweli, na dini yenyewe haisemi hivyo. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamuru apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye vyembe, asije akamjeruhi mtu. Jabir naye amepokea katazo la kupeana upanga ukiwa nje ya ala. Soko na kupokezana silaha: ndiyo meza ya muuzaji hasa. Tena aya ya 92 ya Sura An-Nisaa imeweka kafara na diya kwa anayeua bila kukusudia.

Hapa pana uchungu wa Mbajuni. Kwa mila ya Kisomali diya ya mwanamume ni ngamia 100, na hudaiwa na kulipwa kwa nguvu ya ukoo. Mvuvi asiye na ukoo mkubwa nyuma yake akipigwa na risasi ya uzembe, nani atamdaia? Neno "kudra" kwa mwenye bunduki ni njia ya kuondoka bila kulipa.

"Mzoefu hakosei."

Si kweli. Mwaka 2004 huko Orlando, Marekani, afisa wa idara ya kupambana na dawa za kulevya aliwaambia watoto kuwa katika chumba kile ni yeye tu mwenye ujuzi wa kubeba Glock aliyoishika. Mara akajipiga risasi mguuni.

"Usalama dukani ni gharama."

Si kweli. Kinachotakiwa ni pipa la chuma lililojazwa mchanga mkavu usio na mawe, liwekwe mlangoni na si nyuma ya duka. Anayeingia na bunduki huelekeza mtutu humo na kuikagua kabla ya kufika mezani. Risasi zikae kwenye sanduku lenye kufuli, mbali na silaha zinazoonyeshwa. Na kila anayepokea bunduki aifungue chemba mwenyewe, hata kama imetoka kukaguliwa mbele ya macho yake na baba yake mzazi.