Askari Arudipo Nyumbani

Askari anaporejea Kigali kutoka katika kazi ya kulinda amani, safari yake huishia kwa utaratibu unaoeleweka. Ndege hutua Kanombe, wakubwa humpokea, zana hukabidhiwa, naye hupewa ruhusa kwenda kwake. Baada ya hapo utaratibu umekwisha. Hakuna amri inayomweleza jinsi ya kubisha hodi katika nyumba aliyoiacha miezi mingi, wala namna ya kuzungumza na mtoto ambaye amerefuka na sasa anamwonea haya baba yake.

Jambo hili linawahusu wengi. Tangu mwaka 2004, Rwanda ilipopeleka wanajeshi Darfur chini ya Umoja wa Afrika, askari wake wametumika pia Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati na, tangu Julai 2021, Cabo Delgado nchini Msumbiji. Polisi nao wamekwenda mbali, hata Haiti. Kila aliyekwenda ameacha nyuma nyumba yenye watu wanaomngoja.

Iko picha moja ya senema ya Hollywood inayolieleza jambo hili kwa ukweli mkubwa. Ilitoka mwaka 1946, na kwa miaka mingi imekuwa ikipatikana kwa kutazamwa nyumbani, kwanza katika kanda za video, kisha katika diski. Jina lake ni The Best Years of Our Lives, yaani Miaka Iliyo Bora ya Maisha Yetu. Ilitengenezwa na Samuel Goldwyn na kuongozwa na William Wyler, ambaye mwenyewe alitumika katika jeshi la anga la Marekani, akapanda ndege za mabomu ili kupiga picha za vita, na akarudi kwake sikio moja likiwa halisikii tena.

Hadithi yenyewe ni ya wanaume watatu wanaokutana ndani ya ndege, wote wakirejea katika mji mmoja baada ya Vita Kuu ya Pili. Al ni sajini wa askari wa miguu, Fred ni kapteni wa jeshi la anga, na Homer ni mwanamaji kijana aliyepoteza mikono yote miwili, ambaye sasa anatumia kulabu za chuma. Wanapopelekwa majumbani kwa teksi, hawa waliokabili risasi na moto wanaogopa kushuka garini.

Kila mmoja ana sababu. Vitani kapteni alikuwa juu ya sajini. Mjini mambo yamepinduka. Al ni mtu wa benki mwenye nyumba nzuri. Fred, kabla ya vita, alikuwa akiuza aiskrimu na vinywaji baridi katika duka la dawa, na wazazi wake ni maskini. Nishani zake hazimpatii kazi mpya, hivyo anarudi katika duka lile lile. Usiku anaota ndege zinazoungua, akaamka akipiga kelele. Al naye anakuta watoto wamekuwa watu wazima bila yeye. Anamletea mwanawe upanga wa Kijapani, lakini kijana havutiwi nao. Anataka kuuliza habari za bomu la Hiroshima. Al anakimbilia pombe, na mkewe analiona hilo tangu usiku wa kwanza.

Habari ya Homer ndiyo inayogusa zaidi. Anaweza kuwasha kiberiti na kushika bilauri kwa kulabu zake. Asichoweza ni kuvumilia macho ya watu wa nyumbani. Anamwepuka Wilma, mchumba wake, asije akaolewa naye kwa huruma tu. Hatimaye anamwita chumbani, anazivua kulabu mbele yake, na kumweleza kuwa zikishatoka hawezi hata kujifungulia mlango. Wilma halii wala hakimbii. Anamfunga vifungo vya nguo za kulalia na kumfunika shuka.

Aliyeigiza sehemu hiyo, Harold Russell, hakuwa mwigizaji. Alikuwa askari mkufunzi aliyepoteza mikono yake tarehe 6 Juni 1944, baruti zilipomlipukia katika kambi ya mafunzo huko Marekani. Kwa kazi hiyo moja alipewa tuzo mbili za Oscar, jambo ambalo halijatokea kwa mwingine. Picha yenyewe ilipata pia tuzo ya picha bora ya mwaka.

Hapana budi kutaja upungufu wake. Wamarekani weusi wapatao milioni moja walitumika katika vita vile, lakini hakuna hata mmoja miongoni mwa mashujaa wa hadithi. Mke wa Fred naye anahukumiwa kwa ukali, ilhali aliishi na mumewe siku chache tu kabla ya kutengwa na vita. Mwaka huo huo wa 1946, askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma walikuwa wakirudi vijijini mwao, na Hollywood haikuwatazama.

Rwanda inalijua jambo hili kwa uzoefu wake yenyewe. Mwaka 1997 iliundwa tume ya kuwarejesha wapiganaji katika maisha ya kiraia, na kituo cha Mutobo, wilayani Musanze, kimewapokea wengi waliotoka misituni Kongo. Tume huweza kumfunza mtu kazi, na hospitali humpa kiungo cha bandia. Lakini lile alilolifanya Wilma chumbani haliwezi kufanywa na ofisi yoyote. Ni kazi ya watu wa nyumbani, nao hawawezi kuifanya ikiwa askari amefunga mdomo.

Ndiyo sababu picha hii yafaa itazamwe nyumbani, wala si peke yako kambini. Wakazi wa Kigali wameizoea agasobanuye, yaani picha za kigeni zinazofafanuliwa kwa Kinyarwanda na msimulizi. Jina la Yanga katika kazi hiyo linajulikana nchini kote. Mke na watoto wasiojua Kiingereza watahitaji msimulizi pia, na safari hii msimulizi ni wewe, ndugu askari. Picha yakaribia saa tatu, basi igawanye kwa siku mbili.

Utaanza kwa kueleza wanayoyasema watu wa kwenye kioo. Fred atakapopiga kelele usingizini, mtoto atauliza kwa nini, nawe utamjibu kwa habari ya Fred. Huenda mkeo akanyamaza hapo, kwa kuwa amekwisha kukusikia wewe usiku. Usiikimbize kanda mbele. Isimamishe kidogo, na yale uliyokuwa ukiyasema kwa niaba ya Fred uyaseme kwa niaba yako mwenyewe.