Nduthi ya babu isiyobeba abiria

KAMA ushago kwenu ni Litein, Kapkatet, Mogogosiek au Silibwet, Disemba ukienda hebu chungulia stoo. Nyuma ya magunia ya mbolea, chini ya mabati ya zamani, huenda kuna pikipiki iliyoegeshwa kabla hujazaliwa. Tangi limeshika kutu, kiti kimeliwa na panya, tairi zimekauka zikapasuka. Kabla jamaa wa chuma chakavu hajapita na mizani yake, nipe dakika tano.

Nyingi ya hizo ni Yamaha DT au Suzuki TF. Enzi zake, pikipiki kijijini ilikuwa na cheo. Aliyeipanda alikuwa chifu, padri, afisa wa kilimo, au mtu wa A.I. Tulia, A.I. ya wazee wetu haina uhusiano na kompyuta. Ni ile ya kupandisha ng'ombe kwa sindano. Kisha 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya sisi 250, nchi ikajaa mashine za India na Uchina, na boda ikawa kazi ya kila kijana asiye na kazi. Hizi za zamani zikasukumwa stoo zikanyamaza.

Yangu ni DT ya marehemu babu. Alikuwa mtu wa A.I. huku upande wa Litein. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, nikarudi kwa kogo kumsaidia kuchuma majani na kukamua, na jioni nikaanza kuifungua hiyo mashine. Swali nililoulizwa na kila mtu ni moja tu: "Ikipona utaiweka steji gani?" Huku Kericho na Bomet pikipiki lazima ibebe kitu. Abiria, mikebe ya maziwa, gunia la majani, kitanda, hata jeneza nimeona. Ukisema yako haitabeba chochote, watu wanakutazama kama mtu anayefuga madume wawili ili awe anawaangalia tu.

Sasa twende kwa spana.

Injini iliyolala miaka mingi huwa imeshika. Usiipige kiki kwa hasira, utavunja kitu ambacho hakiuzwi tena. Toa plagi, mimina oili kidogo iliyochanganywa na dizeli kwenye tundu lake, uiache wiki nzima. Halafu tia giya ya juu na usukume gurudumu la nyuma mbele na nyuma, polepole. Yangu ilikataa siku tisa. Siku ya kumi ikasogea kama unene wa kidole, na nilipiga kelele mpaka kogo akatoka jikoni akidhani nimeumwa na nyoka.

Hizi ni injini za tu-stroki, na hapo ndipo mafundi wengi wa steji wanapotea njia. Wamekulia kwenye Boxer na TVS, ambazo ni foo-stroki na zina oili yake chini ya injini. Tu-stroki haina hiyo. Krenki na pistoni zinalainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli. Ukiweka petroli tupu, umeiua. DT ina pampu yake ya kupeleka oili, lakini pampu iliyokaa miaka yote hiyo usiiamini kabla ya kuipima. Mwanzoni changanya mwenyewe: mililita 40 za oili ya tu-stroki kwa kila lita moja ya petroli. Oili yenyewe haijapotea, maana misumeno ya injini ya kukatia miti inaitumia. Uliza kwa wauzaji wa vifaa vya shamba.

Kitu cha pili ni sili za krenki. Ni vipira viwili vidogo, kimoja kila upande, na hukauka pikipiki ikikaa. Kile cha upande wa sumaku kikipasuka, injini inavuta hewa ya wizi, inapata joto kupita kiasi na pistoni inayeyuka. Kile cha upande wa klachi kikiisha, inanyonya oili ya giyaboksi na kutoa moshi mweupe wa kufukuza nyuki. Fundi atakwambia ni kabureta. Mwambie aangalie sili kwanza.

Na usidanganywe kwamba spea hazipo. Sili imeandikwa vipimo vyake: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, vyote kwa milimita. Beringi nazo zina namba. Ukiona 6204, hiyo ni milimita 20 ndani, 47 nje, unene 14, iwe ya Yamaha, ya pampu ya maji au ya mashine ya kusaga. Nenda duka la beringi na namba, usiende na jina la pikipiki. Nilichokosa Kericho mjini niliagiza Kirinyaga Road, Nairobi. Unatuma pesa kwa M-Pesa, mzigo unafika kwa matatu jioni. Silinda ilienda kwa fundi wa mashine ya kukereza, ikapanuliwa kidogo ikubali pistoni mpya.

Tangi weka kokoto safi na siki, tikisa mpaka mkono ugome, suuza, kausha. Kukausha ndiyo shida ya Kericho, mvua karibu kila alasiri. Lakini tafadhali, usilipeleke jikoni kando ya moto, na usimpe mtu wa kuchomelea kabla halijaoshwa kabisa. Tangi linaloonekana tupu lina mvuke wa petroli, na mvuke ndio unaolipuka. Lisubiri jua.

Jambo jingine la huku kwetu ni hewa. Kericho mjini ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo hewa ni nyepesi na petroli inazidi. Plagi ikitoka nyeusi yenye masizi, jaribu jeti ndogo zaidi kwenye kabureta kabla ya kubadilisha vitu vingine.

Kwa jumla nimetumia miezi saba na Sh31,000, tairi na tyubu zikiwemo. Kwa pesa hizo unapata boda iliyochoka ikuletee mia mbili mia tatu kwa siku, najua. Rafiki zangu wamenipigia hiyo hesabu mara nyingi. Sijapata jibu la kuwanyamazisha, na nimeacha kulitafuta.

Sasa karatasi. Kabla ya kununua hata skrubu, soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya pikipiki, ulinganishe na logibuku. Mwenye jina kwenye logibuku ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye mtandao wa NTSA, na wewe unakubali upande wako. Aliyekuuzia kwa maneno tu barazani hajakuuzia kitu. Halafu kuna bima, na leseni ya daraja A2.

Lakini kama mwenye jina ni marehemu, huwezi kuhamisha mpaka familia iende mahakamani kufungua urithi. Na hapo pikipiki haiendi peke yake. Inaandikwa kwenye orodha moja na shamba la majani, ng'ombe, na akaunti inayopokea bonasi.

Kwetu hakuna aliyetamka neno urithi tangu babu azikwe. Ami zangu wawili wako Nairobi, mmoja Bomet, na kila mmoja ana safu zake za majani kichwani ambazo hajaziandika popote. Nilipowapigia kuuliza logibuku, ami mkubwa alinyamaza, kisha akasema, "Unataka pikipiki au unataka kuanza maneno?" Nikamwambia nataka pikipiki, lakini hakimu atataka orodha yote. Wiki mbili baadaye alipiga mwenyewe. Anataka wote wakae chini, kogo akiwa bado yuko na anaweza kusema nani aliahidiwa nini.

Kikao kimewekwa Agosti. Mpaka hapo DT haigusi lami. Naiwasha kwenye kijia cha kwenda kwa ng'ombe, mita kama mia mbili, nageuza, narudi. Mara ya kwanza ilipolia, mama mmoja jirani alitoka hadi kwenye ua akauliza nani ameita mtu wa A.I., maana ng'ombe wake pia yuko kwenye joto. Kogo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa sharti moja: "Weri, usiiwashe kabla hatujamaliza kukamua."