Nyota ya babu isiuzwe kama chuma chakavu

Mzazi, kabla hujamkabidhi mnunuzi wa vyuma chakavu sanduku la marehemu babu yako, lifungue kwanza. Huenda ndani yake mna nyota ndogo ya rangi ya shaba, yenye ncha 6, iliyoandikwa kwa Kiingereza "The Africa Star". Ukiikuta, iweke pembeni.

Watoto wengi wa Nachingwea na Ruangwa wamesikia habari za kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO. Vita vya babu hawajavisikia.

Nyota hiyo walipewa waliotumikia Vita Kuu ya Pili katika Afrika ya Kaskazini na Afrika Mashariki. Utepe wake ni wa rangi ya mchanga, rangi ya jangwa.

Kutoka huku kwenye mihogo na mikorosho, mtu alifikaje jangwani? Italia iliingia vitani Juni 1940, ikiwa inatawala Somalia na Ethiopia. Waingereza, waliokuwa wakitawala Tanganyika, wakapeleka jeshi lao la King's African Rifles, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya. Kikosi chake cha Sita kilikuwa cha Tanganyika. Hadi vita vinakwisha 1945, Watanganyika zaidi ya 80,000 walikuwa wametumikia jeshini. Wengine walijiandikisha wenyewe, wengine walichukuliwa kwa lazima.

Februari 1941 majeshi hayo yalitoka Kenya yakaingia Somalia, kupitia nchi kame ambako maji ya kunywa yaligawiwa kwa kipimo. Kismayu ilitekwa tarehe 14, Mogadishu tarehe 25, na Addis Ababa Aprili 6. Ilikuwa safari ya chini ya siku 60, kwa malori na kwa miguu. Baadaye wengi walipelekwa Madagascar na Burma. Askari Mwafrika alilipwa kidogo kuliko Mzungu aliyekuwa naye vitani, na kwa kawaida cheo chake hakikufika uofisa.

Sasa angalia nyuma ya nyota. Kwa kawaida Waingereza hawakuchonga jina la askari juu yake. Ni wewe tu, au shangazi yako, mnaojua ilikuwa ya nani. Nyinyi mkinyamaza, inabaki kipande cha chuma.

Basi wiki hii fanya mambo matatu. Piga picha nyota, vyeti na barua za jeshini. Mwendee mzee aliyebaki katika ukoo, umrekodi kwa simu: babu aliondoka lini, alipita wapi, alirudi na nini, na nani hakurudi? Kisha andika jina lake kamili na kijiji chake kwenye karatasi, uihifadhi pamoja na nyota hiyo.

Halafu mwite mtoto, umsomee jina hilo kwa sauti.