Treni Ikigoma, Ninyi Msigome

Mmeshapanga Krismasi ya kijijini, mara tetesi za mgomo zinaanza. Kabla reli haijawaangusha, angalieni msiangushane wenyewe.

Hebu vuta picha. Ni wiki ya pili ya Desemba. Likizo imeshasainiwa, vitenge vya mama mkwe vimenunuliwa, begi kubwa liko sebuleni. Safari yenyewe si ya mchezo: kutoka Dar hadi Lituhi, kule mto Ruhuhu unakoingia Ziwa Nyasa. Jamaa ni mtoto wa huko huko, kakulia kwenye dagaa na mbasa. Bibie ni wa Tanga. Ziwa hilo amelisikia kwenye somo la jiografia tu, na safari hii anakwenda kutambulishwa kwa mara ya kwanza. Wamekubaliana kupanda treni hadi Makambako, walale njiani wakipiga stori, kisha washike basi la Songea.

Jioni moja simu inaita. "Oya, umesikia? Watu wa reli wanasema wasipolipwa chao hadi Ijumaa, hakuna treni."

Jamaa anacheka: "Hao kila mwaka ni maneno tu." Bibie hacheki. "Mimi nasema tukate basi kesho asubuhi." Nauli ya treni imeshalipwa, ya basi haijapangwa. Saa moja baadaye kila mtu anaangalia ukuta wake. Treni haijagoma bado, lakini nyumbani mgomo umeshaanza!

Tetesi zina historia yake

Msomaji, usimcheke bibie. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kwa mkopo usio na riba kutoka China na ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Ndiyo iliyowasogeza watu wa kusini karibu na Dar. Lakini mwaka 2014 wafanyakazi wake upande wa Tanzania waligoma wakidai mishahara ya miezi kadhaa.

Na tuwe wakweli: dereva wa treni naye ana mke, ana watoto, na Krismasi inamhusu kama inavyokuhusu wewe. Mtu asiyeona mshahara miezi mitatu hana namna ya kukupeleka ukweni kwa tabasamu. Kumtukana hakutaifanya treni iondoke.

Kukimbilia basi nako si kinga. Mwaka 2015 Pasaka iliangukia tarehe 5 Aprili. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, tarehe 10, madereva wa mabasi wakagoma. Walikuwa wanapinga sharti la kurudi darasani kila wanapotaka kuhuisha leseni, na kulalamikia kufanya kazi bila mikataba. Pale Ubungo abiria walikwama na mizigo yao, na polisi wakafyatua mabomu ya machozi. Waliokwenda kula Pasaka kwao walikuwa wanatakiwa kazini. Mwezi Mei mgomo ukarudi tena. Fundisho ni kwamba wengi tunaogopa kukwama wakati wa kwenda, tunasahau kwamba safari ina kurudi pia, na bosi hana simile.

Lituhi haifikiki kwa hatua moja

Anayekwenda Morogoro akikosa treni, anahamia kwenye basi, yamekwisha. Wa Lituhi hesabu yake ni nyingine. Kutoka Makambako unapita Njombe hadi Songea, unashika njia ya Mbinga mpaka Kitai, halafu unaiacha na kuteremkia ziwani. Kipande hicho cha mwisho kwa miaka mingi kimejulikana kwa vumbi kiangazi na tope masika, na Desemba ndiyo mvua zenyewe. Treni ikichelewa nusu siku, umelikosa basi la Songea. Ukilikosa hilo, gari la kuteremka Lituhi nalo limekwenda. Nusu siku ya Makambako inageuka kuwa siku mbili.

Uzuri ni kwamba siku hizi kuna njia mbadala. Daraja la Ruhuhu limeunganisha Lituhi na upande wa Manda, wilayani Ludewa, kwa hiyo mnaweza kutokea Njombe kupitia Ludewa bila kutegemea kivuko. Na tangu Oktoba 2023 mabasi ya masafa marefu yanaruhusiwa kutembea usiku, hivyo aliyekwama mchana si lazima asubiri alfajiri.

Saa 48 hazitoshi

Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mgogoro lazima upite kwanza kwenye usuluhishi, na mgomo halali unatanguliwa na taarifa ya saa 48. Lakini taarifa hiyo anapewa mwajiri, si wewe uliyeshika tiketi. Na hata ungeipata siku hiyo hiyo, saa 48 msimu wa Krismasi ni nini? Mabasi ya kusini yameshajaa na wapiga debe wameshapandisha bei.

Wenzetu Ufaransa wana sheria ya mwaka 2007 inayomtaka mfanyakazi wa usafiri anayekusudia kugoma aseme saa 48 kabla, na kampuni iwatangazie abiria siku moja kabla ni treni zipi zitatembea. Hata hivyo, mgomo ulioanza tarehe 5 Desemba 2019 ulikwenda mpaka ukaivuka Krismasi, na familia kibao zikavuruga mipango. Uingereza nako, mwaka 2022, wafanyakazi wa reli waligoma kuanzia jioni ya tarehe 24 Desemba. Kwa hiyo, ndugu yangu, hata huko walikoendelea watu wanaangalia saa stesheni.

Ugomvi si wa treni

Turudi sebuleni. Bibie hagombanii basi. Anaogopa kufika amechoka, amechelewa, kajaa tope, na wakwe wakasema: "Huyu ndiye mliyetuletea?" Jamaa naye hatetei treni. Anaona aibu kukubali kwamba mpango aliousifia umeanza kuyumba, na mfukoni hana nauli ya pili. Hakuna aliyemwambia mwenzake ukweli huo. Kila mmoja anazungumzia usafiri, huku moyoni ana jambo lingine.

Dawa yake ni ndogo: ulizeni "Unaogopa nini?" kabla ya "Tupande nini?" Yeye akisema, "Nataka mama yako anipende," mazungumzo yanabadilika hapo hapo.

Kaeni chini, mkubaliane haya

• Wekeni siku ya uamuzi. Kwa mfano: "Mpaka siku tano kabla ya safari, tetesi zikiwa bado zipo, tunakata basi." Baada ya hapo hakuna kulaumiana.

• Ulizeni penyewe. Pigeni simu stesheni au mfike. Hakikisheni kwanza kama treni ya abiria ipo kwa siku mnayotaka, na kama safari ikifutwa nauli inarudishwaje. Tunzeni tiketi.

• Tengeni nauli ya akiba. Iwe ya wawili, ya kwenda na kurudi, na isiguswe kwa ajili ya viatu. Mkiitumia, imefanya kazi. Msipoitumia, mmepata fedha ya Januari.

• Acheni nafasi mbele na nyuma. Msipange kufika tarehe 24 jioni, wala kurudi usiku wa kuamkia kazini. Siku mbili kila upande zinaokoa mengi.

• Mwambieni mama mapema. Mpeni siku mbili badala ya moja: "Tutaingia tarehe 22 au 23." Kuku hatachinjwa bure, wala mzee hatashinda njiani akiangalia kila gari. Na mwenye kwao ndiye apige simu hiyo, asimwachie mgeni.

• Zawadi ziwe za kubebeka. Mkilazimika kuhamia basi, lile begi la kilo 40 ndilo litakalowagombanisha tena.

Na kama, pamoja na hayo yote, mtajikuta Makambako saa tisa usiku, baridi inauma na gari hakuna? Nunueni chai ya tangawizi, mfunikane kitenge kimoja cha mama mkwe, mcheke. Atasamehe. Ukweni watataka kujua mmefikaje, na wataangalia zaidi kama mmeingia mmenuniana au mmeshikana mikono. Hilo halimo mikononi mwa shirika la reli. Limo mikononi mwenu.