Panga Lililotoka Chini ya Lori

Lori linapokatika springi kwenye milima ya kati ya Kasulu na Kibondo, mwenye gari anahesabu hasara na mhunzi anahesabu mapanga. Fleti moja ya springi, ikikatwa na kufuliwa vizuri, hutoa panga, kisu cha jikoni na kipande cha kubakiza kwa ajili ya patasi. Kwa miongo mingi barabara ya vumbi inayoshuka kutoka Nyakanazi iliwapa mafundi wa nyanda hizi za Kigoma malighafi bila wao kuchimba chochote. Sasa lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, mradi wa kilomita zipatazo 260, imeanza kuyahurumia magari. Hata hivyo vyuma chakavu havijaadimika, maana pikipiki, baiskeli, mashine za kusaga na mabati nayo huchakaa.

Mgeni akipita kwenye vibanda vya mafundi huona rundo la kutu. Mwenye kibanda haoni rundo. Anaona springi upande huu, nondo upande ule, mabomba, rimu za baiskeli, pistoni, mapipa, na anajua kila kimoja kilikuwa kinafanya kazi gani kabla ya kufika hapo. Elimu yenyewe ndiyo hiyo. Chuma chakavu hakiji na cheti kinachosema kimetengenezwa vipi, hivyo fundi hukitambua kwa kazi yake ya zamani. Kilichokuwa springi kilizoea kupinda na kurudi, basi kina ugumu ndani yake. Nondo ilizaliwa kukaa ndani ya zege, haina haja ya makali, na haitayapata hata ikipigwa mpaka jioni.

Sababu iko kwenye kaboni. Chuma cha springi za magari huwa na kaboni ya karibu asilimia 0.6, ilhali nondo za kawaida huwa na kiasi kidogo kuliko hicho. Kaboni hiyo ndogo kwa macho ndiyo inayofanya chuma kishike ugumu kinapopozwa ghafla. Mhunzi huipasha springi mpaka iwe nyekundu ya kung'aa, karibu nyuzi 800 za Selsiasi, kisha huitumbukiza kwenye maji au oili chafu ya gari. Maji hupoza haraka mno na yanaweza kupasua bapa. Oili ni pole zaidi, na wengi huipenda kwa sababu hiyo. Kazi haijaisha. Bapa lililotoka hapo ni gumu lakini lavunjika upesi, kwa hiyo husuguliwa ling'ae, halafu hupashwa tena polepole huku fundi akiangalia rangi zinavyotembea juu yake: kwanza njano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha samawati. Kisu hutolewa kwenye njano. Panga, ambalo litapigwa kwenye miti na pengine kwenye mawe, huachwa lielekee samawati ili lipate kunesa. Yote hayo bila kipimajoto.

Sokoni, panga la springi na panga lililokatwa kwenye bati nene la kawaida hufanana yakishapakwa rangi na kutiwa mpini. Mnunuzi aende na tupa mfukoni. Akiipitisha kwenye makali, tupa itauma kwa shida kwenye chuma kilichopozwa vizuri na itauma upesi kwenye chuma laini. Muuzaji mwaminifu hatanuna.

Ufundi huu haukuletwa na malori. Kasulu ya leo iko katika nchi ya Heru na Kibondo katika nchi ya Muhambwe, mbili kati ya tawala za zamani za Buha, nchi ya Waha, zilizoongozwa na wafalme walioitwa wami. Kabla ya ukoloni, watu wa magharibi mwa Tanzania waliyeyusha mawe yenye chuma kwenye tanuri za udongo kwa makaa na mivukuto ya ngozi, wakapata chuma cha kufulia majembe, mikuki na shoka. Jembe lilikuwa zaidi ya zana. Lilibadilishwa kwa mifugo, lilitolewa katika mahari, na lilisafiri kwenye njia zilezile zilizopitisha chumvi ya Uvinza, ambako watu wamekuwa wakichemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000.

Tanuri zilizimwa katika karne ya 20, majembe ya Ulaya yalipojaa madukani kwa bei ambayo mtu wa kukata miti, kuchoma makaa na kuvukuta usiku kucha hakuiweza. Baada ya uhuru, nchi ilijenga viwanda vyake vya majembe: UFI pale Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China, na Zana za Kilimo jijini Mbeya. Navyo vikayumba. Mhunzi aliyekuwa ameacha kuyeyusha hakuacha kufua. Alichofanya ni kubadili machimbo, kutoka mlimani kwenda gereji.

Vifaa vyake vinasimulia mabadiliko hayo. Mahali pa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, vibanda vingi vya Afrika Mashariki vina rimu ya baiskeli inayozungushwa kwa mkono, ikivuta mkanda uliokatwa kwenye tyubu, na mkanda ukizungusha feni ndogo iliyofichwa ndani ya kopo. Upepo unaotoka unatosha kuifanya springi iwe nyekundu. Fuawe huwa ni kipande cha reli au kichwa cha nyundo kubwa kilichochimbiwa kwenye gogo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kipande chake ni fuawe bora, jambo linalofaa kusemwa kwa tahadhari kwa sababu reli haina mwenyewe mwingine zaidi ya taifa.

Umeme ndio uliogawa mafundi katika makundi mawili. Mhunzi wa makaa anaweza kufanya kazi kijijini kabisa, kule Mabamba au Heru Juu, akiwa na feni yake ya baiskeli. Mchomeleaji anahitaji nguvu za waya. Kwa muda mrefu miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, mpaka ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Tangu hapo mageti, vitanda, madirisha ya nondo na matoroli yana soko la uhakika zaidi. Mashine za kuchomelea zenyewe mara nyingi ni za kienyeji: fundi husuka waya wa shaba kwenye vyuma vya transfoma ya zamani, akapata mashine nzito, isiyopendeza, inayofifisha taa za majirani kila inapogusa chuma. Inachomelea vizuri tu.

Nyumbani kuna karakana nyingine isiyo na kibao mlangoni. Kopo la maziwa likitobolewa kwa msumari na kupigiliwa kwenye ubao linakuwa kikunio. Kopo refu lenye mdomo wa bati na kiriba kidogo cha kupulizia humtolea mfugaji nyuki moshi wa kutuliza mzinga, na Kibondo ni nchi ya asali. Spoki ya baiskeli ikinolewa inakuwa msharasi wa fundi viatu. Kibatari cha kopo na utambi, kilichowahi kuwa kwenye kila nyumba, kimerudi nyuma mbele ya taa za sola, na hakuna wa kukililia: moshi wake ulikuwa mbaya. Watoto nao wana kiwanda chao cha magari ya waya, ambayo usukani wake hufanya kazi kuliko wa magari kadhaa ya kweli.

Machafuko ya nchi jirani nayo yalileta bati. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipokimbia tena. Katika makambi ya Afrika Mashariki, mafuta ya kula ya msaada wa Marekani yaligawiwa katika makopo ya lita 4, na kopo tupu lilikuwa mali. Likikatwa na kunyooshwa huwa bati la mlango au dirisha. Likiachwa zima huwa ndoo, jiko au chungu cha miche. Mkimbizi aliyekuja na ujuzi wa ufuaji bati alikuwa amebeba kitu ambacho hakuna askari wa mpakani angeweza kukikagua.

Jiko la mkaa ni habari ndefu yenyewe. Lile lenye kiuno chembamba na udongo wa kuchoma ndani lilibuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata jiko la ndoo la Thailand, na likaenea kwa sababu mafundi bati wa jua kali waliweza kulitengeneza kwa mapipa ya zamani bila kubadili vifaa vyao. Pipa moja la lita 200 hutoa majiko mengi. Wabunifu wengi wa majiko bora hushindwa hapo: wanachora kitu ambacho fundi wa Kibondo hawezi kukikata kwa patasi na nyundo.

Kuna vyuma, hata hivyo, ambavyo kazi yake ya zamani inapaswa kumfukuza fundi.

Pipa lililobeba petroli ni la kwanza. Hata likionekana tupu lina mvuke, na mvuke huo ukikutana na cheche hulipuka kama bomu. Wachomeleaji wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Pipa lioshwe, kisha lijazwe maji mpaka karibu na pale panapochomelewa. Bati lenye madini ya zinki nalo lina hila: likipata moto wa kuchomelea hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka saa chache baadaye, na fundi asiyejua hutafuta dawa ya malaria.

Sufuria za kumimina zinahitaji neno zaidi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo makaa na feni ya baiskeli vinatosha kuyeyusha pistoni, vifuniko vya injini na makopo ya soda, kisha kuvimimina kwenye kalibu ya mchanga. Ni ustadi wa kutazama kwa heshima. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo, ukakuta vyombo 15 vinatoa madini ya risasi katika jaribio lililoiga upishi. Risasi hiyo huingia na vipande visivyochambuliwa. Haina dalili ya haraka, na inaharibu ubongo wa mtoto.

Betri za gari zisiyeyushwe nyumbani kwa hali yoyote. Wakazi wa Owino Uhuru, mjini Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, watoto wao wakaugua, na baada ya harakati za miaka mingi zilizoongozwa na Phyllis Omido, mahakama iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020. Kiwanda kilikuwa na mabomba ya moshi. Ua wa nyumba hauna.

Na kwa wilaya zilizo kando ya mpaka wa Burundi kuna onyo zito kuliko yote. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, bomu la mkono lililipuka na kuua wanafunzi. Iliripotiwa kwamba mmoja wao aliliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Mnunuzi wa vyuma anayepokea mzigo kutoka kwa mtoto bila kuuliza ulikotoka anashiriki katika hatari hiyo.

Kwani siku hizi chuma kina bei hata kikiwa kimelala. Wanunuzi hukusanya kwa kilo, mzigo unakwenda mijini kuyeyushwa na kuwa nondo, na mhunzi anajikuta akishindana na mizani kwa springi ambayo zamani alipewa bure. Bei hiyo pia imezaa wizi wa alama za barabarani, mifuniko ya mitaro na nyaya. Kenya ilifikia hatua ya kusimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu Januari 2022 baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, kisha ikairuhusu tena baada ya miezi michache kwa masharti. Marufuku ya namna hiyo ingemuumiza fundi wa Kasulu kuliko mwizi.

Kinachoweza kumsaidia tayari kipo kwenye vitabu vya serikali. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama yeye. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano wa Sweden, vipo Kasulu na Kibondo. Na sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kikundi cha vijana wachomeleaji kinastahili kuomba kama kinavyostahili kikundi cha bodaboda, tena chenyewe kina kitu cha kuonyesha mezani. Maofisa maendeleo ya jamii wa Kasulu na Kibondo wawafuate mafundi vibandani, na orodha ya kwanza ya mkopo ianze na miwani ya kuchomelea na glavu za ngozi, ndipo ifuate mashine.