Vazi la Mpanda Baiskeli na Ukinzani wa Hewa

Mchuuzi apelekaye tenga la samaki kutoka delta ya Rufiji hadi Kibiti huenda polepole, tuseme kilomita 12 kwa saa. Adui zake ni mchanga na uzito wa mzigo. Shati lake likipepea, hasara ni ndogo.

Sasa tumfikirie mshindani aendaye kilomita 36 kwa saa. Mwendo wake ni mara 3 ya ule wa mchuuzi. Kwa umbo na mkao ule ule, ukinzani wa hewa huwa mara 9, na kazi ya kuushinda kila sekunde mara 27. Ndiyo maana huvaa vazi libanalo mwili, lisilo na mikunjo ya kukamata upepo.

Hata hivyo, vazi la mbio za baiskeli halifai kila shindano. Katika mchezo wa triathloni, ulioingia Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney, washindani huogelea kilomita 1.5, huendesha baiskeli kilomita 40, kisha hukimbia kilomita 10. Pedi nene ya kukalia hunyonya maji na kumlemea mkimbiaji. Kwa hiyo vazi la triathloni lina pedi nyembamba ikaukayo upesi.

Wanafunzi waweza kulipima jambo hili bila kununua vazi. Asubuhi isiyo na upepo, chagueni mteremko mrefu usiopitwa na magari. Mmoja wenu aserereke bila kukanyaga pedali, kwanza shati likiwa limefungwa vifungo na kuchomekwa, kisha likiwa wazi. Pimeni umbali, rudieni mara 3, mtafute wastani. Tofauti mtakayoipata ndiyo gharama ya mikunjo.